Kairo kwa Miguu: Mji Uliofuata Maji



Ukiteka ndoo ya maji ziwani, pale Musoma, Bukoba au Ukerewe, umeteka maji ya safari. Mto Kagera unaingia Ziwa Victoria. Ziwa nalo linamwagika kule Jinja, Uganda, na hapo mto Naili unaanza kwenda kaskazini. Unapita Uganda, Sudan Kusini na Sudan, unaingia Misri, na mwisho unamwaga maji yake katika bahari ya Mediterania. Njiani, penye mji wa Khartoum, unakutana na mwenzake mkubwa anayetoka milima ya Ethiopia. Tuseme kweli: maji mengi yanayofika Misri, zaidi ya robo tatu, hutoka Ethiopia. Lakini ya kwetu yamo.

Mto ukikaribia bahari unapita katika mji wa Kairo. Leo tutautembea mji huo kwa miguu. Tutaanza upande wa kusini, penye mitaa mikongwe kuliko yote, twende kaskazini, kisha tugeuke magharibi mpaka tufike tena mtoni. Njia yote ni kama kilometa 12. Mkulima aliyezoea kwenda shamba la mbali anaimaliza kwa siku moja, ila vya kutazama ni vingi. Tuseme siku mbili.

Kwa nini kwa miguu? Maana ukipita na gari utaona barabara pana na maghorofa tu. Mitaa ya zamani ina vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo wanapishana kwa taabu. Na liko jambo moja tunalotaka mlione, ambalo mwenye gari halioni. Mji huu haukukaa mahali pamoja. Mto ulihama kidogo kidogo kwenda magharibi, na watu wakaufuata. Palipopita mashua zamani, leo wanapita watu wa sokoni. Basi kila tutakaposimama tutauliza swali moja: wakati ule, maji yalikuwa wapi?

KISIMA CHENYE NGUZO

Tunaanzia kwenye kisiwa kinachoitwa Roda, katikati ya mto. Kwenye ncha yake ya kusini kuna kijumba chenye paa la ncha, kama kofia. Ndani hakuna chumba. Kuna kisima kikubwa cha mawe chenye ngazi za kuteremkia, na katikati yake imesimama nguzo moja ya marumaru yenye pande nane. Nguzo hiyo imechorwa alama kutoka chini mpaka juu, kama rula ya shule. Ilijengwa mwaka 861, kwa amri ya khalifa. Mahandaki matatu yalichimbwa kutoka mtoni mpaka kisimani, moja juu ya jingine, ili maji ya kisimani yalingane na maji ya mto.

Alama zile ni dhiraa. Dhiraa mnaijua: ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Ya hapa ni sentimita kama 54.

Sasa sikilizeni kazi ya nguzo hii. Kairo mvua hainyeshi ila kwa nadra sana. Mkulima wa Misri hakutazama mawingu, alitazama mto. Kila mwaka maji yalianza kupanda kama mwezi wa 6, yakafika juu kabisa mwezi wa 8 au wa 9, yakafunika mashamba na kuacha tope jeusi lenye rutuba. Yakishuka, watu walipanda ngano na shayiri. Maji yakiwa machache, mashamba ya juu yalibaki makavu. Yakizidi mno, yalibomoa kingo na kuchukua vijiji. Kipimo kizuri kilihesabiwa kuwa dhiraa 16, yaani mita 8 na nusu hivi.

Maji yakifika dhiraa 16 yaliitwa “maji ya sultani”. Kwa nini ya sultani na siyo ya mkulima? Shauri ya kodi. Kipimo hicho kikifikiwa, serikali ilikuwa na haki ya kudai kodi ya ardhi. Kisipofikiwa, haikuwa na haki hiyo. Kwa hiyo nguzo hii haikuwa pambo. Mtu mmoja alishuka ngazi, akasoma alama, na neno lake liliamua mkulima wa mbali atalipa au hatalipa. Tunadhani hapo palikuwa na kishawishi kikubwa cha kusoma vibaya.

Kila siku wapiga mbiu walizunguka mitaani kutangaza maji yamepanda vidole vingapi. Habari hiyo ilikuwa na hatari yake. Maji yakichelewa kupanda, wafanyabiashara walificha nafaka na bei ikaruka siku hiyo hiyo. Mnaona kwamba ulanguzi haukuanza jana! Khalifa mmoja, Al-Muizz, ambaye jina lake tutakutana nalo tena mbele, alipiga marufuku kutangaza kipimo mpaka maji yafike dhiraa 16. Aliogopa mbiu ingeleta njaa kabla ya njaa yenyewe.

Leo mahandaki yamezibwa na kisima hakipimi kitu. Bwawa kubwa la Aswan, lililojengwa toka 1960 hadi 1970, limezuia gharika ya kila mwaka, na ile ya mwisho ilionekana Kairo mwaka 1964. Nguzo ipo, na juu ya kuta za kisima yapo maandishi ya Kiarabu, aya za Kurani zinazotaja maji, mvua na mimea.

NGOME ILIYOACHWA NA MTO

Tunavuka daraja na kushuka upande wa mashariki. Hatua chache tu na tuko penye ngome ya Warumi, waliyoijenga kama mwaka 300. Inaitwa Babiloni, ila siyo ile Babiloni ya Irak inayotajwa katika Biblia. Minara yake ya duara bado imesimama, imejengwa kwa mistari ya mawe na matofali.

Maji yalikuwa wapi? Yaligusa ngome yenyewe. Meli za Warumi zilifunga hapa. Leo mto uko mita mia kadhaa kuelekea magharibi, na mbele ya ngome inapita reli. Jambo la pili: tazama miguu ya minara. Iko chini kuliko barabara. Ardhi ya mji imepanda kwa tope la mto na vifusi vya nyumba za karne nyingi, hata lango walilopita askari wa Kirumi sasa liko shimoni.

Juu ya lango hilo Wakristo wa Misri, wanaoitwa Wakopti, walijenga kanisa lao. Linaitwa Kanisa Lililoning'inia, kwa kuwa liko juu hewani na sakafu yake imekalia minara ya lango. Karibu yake kuna kanisa la Abu Serga. Wakristo wa huko husimulia kwamba Yusufu, Maria na mtoto Yesu walijihifadhi mahali hapo walipomkimbia Herode. Chumba cha chini ya kanisa kilijaa maji miaka mingi, maana maji ya ardhini yamepanda.

Hatua chache tena, katika kichochoro hicho hicho, kuna sinagogi la Ben Ezra, nyumba ya ibada ya Wayahudi. Hapa tukae kidogo, kwa sababu habari yake inatuhusu sisi tuliojifunza kusoma ukubwani.

Wayahudi wa Kairo walikuwa na desturi ya kutochoma wala kutupa karatasi iliyoandikwa, isije ikawa na jina la Mungu. Waliitia katika chumba kimoja kisicho na mlango, chenye tundu tu juu ukutani. Wakafanya hivyo kwa karibu miaka elfu. Mwishoni mwa miaka ya 1890 mtaalamu mmoja kutoka Cambridge, Uingereza, Solomon Schechter, alipewa ruhusa kuingia. Akachukua vipande zaidi ya laki moja na nusu. Vilivyo katika maktaba mbalimbali za dunia leo vinazidi laki tatu.

Mle ndani mlikuwa na nini? Vitabu vya dini vilikuwamo, ndiyo. Lakini pia barua za wafanyabiashara waliosafiri mpaka Bara Hindi, hati za ndoa na talaka, orodha za wanaopewa mkate wa masikini, hesabu za duka, barua ya mke anayemlalamikia mumewe kwa kukaa mbali. Na tena mlikuwa na karatasi za watoto waliokuwa wakijifunza herufi, wameziandika kubwa kubwa na kuzitia rangi. Wafalme wa siku zile wameandikiwa vitabu vingi vya sifa. Lakini bei ya kitani na homa ya mtoto tumezijua kwa karatasi hizi ambazo wenyewe waliziona hazina kazi tena. Mwenye daftari la mauzo ya pamba nyumbani asilifanye la kuwashia moto.

MJI WA HEMA

Nyuma ya ngome, kaskazini, ndipo ulipoanza mji wa Waislamu. Mwaka 641 jeshi la Waarabu chini ya Amr ibn al-As liliiteka ngome. Walipiga mahema nje yake, na mji uliotokea ukaitwa Fustat, yaani hema. Inasimuliwa kwamba Amr alipotaka kuondoka alikuta njiwa ametaga juu ya hema lake, akaamuru lisiguswe. Msikiti wake upo mpaka leo. Ulikuwa wa kwanza katika Afrika, ingawa umejengwa upya mara nyingi na hakuna jiwe la siku ile.

Fustat ulikuwa mji tajiri. Wasafiri waliandika juu ya nyumba za ghorofa nyingi na bandari iliyojaa mashua. Leo ukitembea hapo utaona uwanda wa vifusi na vigae vya vyungu, na makumbusho mapya ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 2021. Watu walikwenda wapi? Jibu liko mbele kidogo.

Tunapokwenda kaskazini tunakutana na ukuta mrefu wenye matao, kama daraja lisilo na mto. Huu ni mfereji wa juu. Sultani aliishi katika ngome iliyo mlimani, upande wa mashariki, na mlimani hakuna maji. Basi ulijengwa mnara mkubwa ukingoni mwa Naili, na juu ya mnara ng'ombe walizunguka kutwa wakivuta magurudumu yenye vyungu. Maji yakapandishwa juu ya ukuta, yakatiririka kama kilometa 3 mpaka mlimani. Fikirini tu: ng'ombe wamepandishwa juu ya mnara wapige duara. Mahali hapo panaitwa Fum al-Khalij, maana yake mdomo wa mfereji. Mfereji wenyewe tutauvuka baadaye.

Mbele yake tunafika msikiti wa Ibn Tulun, uliomalizika mwaka 879. Ni wa matofali, mpana sana, na mnara wake una ngazi zinazozunguka kwa nje. Ahmad ibn Tulun alikuwa gavana aliyejifanya mtawala wa kujitegemea, akajenga mji wake mwenyewe kaskazini ya Fustat. Mwaka 905 jeshi la khalifa lilirudi likauvunja mji wote. Likauacha msikiti tu. Kwa hiyo unaposimama katika ua wake mkubwa, wenye ukimya, jua kwamba umezungukwa na mji usiokuwapo.

NJAA YA MIAKA SABA

Sasa lile swali. Watu wa Fustat walikwenda wapi?

Kuanzia mwaka 1065 Naili ulipungua mwaka baada ya mwaka. Njaa ikakaa miaka saba, mpaka 1072. Watu walikula mbwa na paka, na waandishi wa zamani wanataja mambo mabaya kuliko hayo. Khalifa mwenyewe, Al-Mustansir, aliuza hazina za ukoo wake.

Lakini tusiutwishe mto makosa yote. Miaka hiyo hiyo askari wa khalifa, Waturuki kwa upande mmoja na Wasudani kwa upande mwingine, walipigana wao kwa wao na kunyang'anya vijijini. Mifereji haikuchimbuliwa. Hata palipopata maji, mkulima alikosa mbegu, na mwenye mbegu aliogopa kwenda shambani. Maji kidogo huleta upungufu. Hapa askari waliugeuza upungufu kuwa maangamizi.

Njaa ilipokwisha alikuja waziri mmoja mkali, Badr al-Jamali, kutoka Sham. Alikuta mitaa mizima haina watu. Akaruhusu mawe ya nyumba zilizoachwa yachukuliwe yakajengee upande wa kaskazini. Mji ukahama hivyo, jiwe kwa jiwe, juu ya migongo ya punda. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1168, waziri mwingine aliichoma moto Fustat ili isitekwe na Wazungu wa vita vya msalaba, na yasemekana moto uliwaka siku 54. Na mwaka 1200 mto haukufika hata dhiraa 13, njaa ikarudi. Daktari mmoja kutoka Baghdad, Abd al-Latif, alikuwapo akayaandika aliyoyaona. Kurasa zile ni ngumu kusoma wakati wa kula.

NDANI YA MALANGO

Kutoka Ibn Tulun twende kaskazini tukipita mtaa wa mafundi wa mahema. Ni soko lenye paa, la miaka ya 1600, na mafundi wengi ni wanaume waliokaa na sindano wakishona vitambaa vya rangi juu ya turubai. Mbele yetu limesimama lango la Bab Zuweila lenye minara miwili. Badr al-Jamali ndiye aliyelijenga, mwaka 1092. Hapa ndipo vichwa vya waliouawa vilitundikwa. Mwaka 1517 Waturuki walipoiteka Misri walimnyonga sultani wa mwisho, Tumanbay, hapa langoni.

Ukipita chini ya tao umeingia mji wenye jina la Al-Qahira, ambalo ulimi wa Wazungu umelifanya Cairo na sisi tukasema Kairo. Maana yake ni mshindi. Ulijengwa mwaka 969 na jemadari Jawhar kwa ajili ya bwana wake, yule Al-Muizz aliyekataza mbiu ya mto. Mwanzoni haukuwa mji wa watu wote. Ulikuwa wa khalifa, askari wake na watumishi, na raia wengi walibaki Fustat. Baada ya njaa ndipo raia walipoanza kuingia na kujenga.

Barabara kuu ina jina la Al-Muizz, na urefu wake ni kama kilometa moja. Kulia, nje kidogo ya barabara, uko msikiti wa Al-Azhar ulioanza mwaka 970, ambao ni chuo kikuu mpaka sasa. Vijana wa kwetu Afrika Mashariki bado wanakwenda kusoma huko. Misikiti mingine, maghala ya wafanyabiashara na soko la Khan al-Khalili tunayapita upesi, maana wageni wote wanaandika habari zake na bei za humo si za watu kama sisi. Tusimame mahali pawili tu.

Pa kwanza ni jengo la sultani Qalawun, la mwaka 1284 na 1285. Ndani yake palikuwa na hospitali. Hati ya wakfu ilisema watibiwe tajiri na masikini, wanaume kwa wanawake, bila malipo. Mahali pale pale leo pana hospitali ya macho. Zaidi ya miaka mia saba wagonjwa wanakuja mlango ule ule.

Pa pili ni kijengo kimoja kinachogawa barabara mara mbili, kama jiwe katikati ya kijito. Alikijenga Abd al-Rahman Katkhuda mwaka 1744. Chini kina madirisha makubwa yenye vyuma. Juu kina baraza ya nguzo na mbao, iliyo wazi kwa upepo. Chini paliitwa sabili: hapo mpita njia yeyote alipewa maji ya kunywa bure. Juu palikuwa chuo, watoto wa mtaa walisomeshwa Kurani na kuandika. Majengo ya namna hii yalikuwa mengi katika Kairo. Tajiri alijenga moja ili apate thawabu, na akaweka wakfu wa kulilipia.

Maji ya sabili yalitoka wapi? Mtoni. Wachukuzi walijaza viriba vya ngozi ya mbuzi, wakavibeba mgongoni au kwa punda na ngamia, wakayamimina katika birika chini ya sakafu. Visima vya mjini vilikuwapo, ila maji yake yalikuwa na chumvi. Mto ulivyozidi kwenda mbali, mchukuzi alitembea zaidi, kwa malipo madogo. Sisi tunaona jambo la kutazamwa hapa ni hili, kwamba waliweka maji na herufi katika nyumba moja. Mtoto anayeteremka kutoka darasani anakuta kikombe.

Tunamaliza barabara penye lango la Bab al-Futuh, la mwaka 1087. Tazama mawe ya ukuta kwa makini. Mengine yana michoro ya Mafarao, maana yaling'olewa kwenye majengo ya kale zaidi. Na kwenye minara kuna majina ya askari wa Kifaransa wa Napoleon, walioitawala Misri toka 1798 hadi 1801.

KUELEKEA MTONI TENA

Sasa geukeni magharibi. Baada ya nusu kilometa hivi tunavuka barabara yenye magari mengi na kelele, barabara ya Port Said. Inapinda pinda bila sababu. Sababu ipo: huu ndio ule mfereji wa mdomo tuliouona kusini. Kila mwaka ulizibwa kwa boma la udongo, na Naili ukifika dhiraa 16 boma lilikatwa kwa ngoma na sherehe, maji yakaingia mjini. Siku nyingine zote za kiangazi ulikuwa na matope na uvundo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 ulifukiwa, ukawa njia ya tramu. Barabara imerithi mapindo ya maji.

Mbele ni kituo kikubwa cha reli cha Ramses. Wakati Al-Qahira inajengwa mto ulipita sehemu hizi, na palikuwa na bandari iliyoitwa Al-Maks. Leo kutoka hapo mpaka mtoni ni zaidi ya kilometa moja. Mwanahistoria Al-Maqrizi, aliyeishi Kairo na kufa mwaka 1442, ameandika jinsi sehemu moja ilivyopatikana. Meli kubwa iliyoitwa Tembo ilizama karibu na bandari ile na haikutolewa. Mchanga ukakusanyika juu yake, kikawa kisiwa, watu wakalima. Kisiwa kikaitwa Kisiwa cha Tembo. Baadaye mto ukajitenga upande mmoja, kisiwa kikaungana na nchi kavu, na leo ni sehemu ya mtaa wa Shubra wenye watu wengi ajabu.

Mtaa wetu wa mwisho, Bulaq, nao ulizaliwa na mto. Ulikuwa mchanga mtupu ulioachwa na maji, na kufikia miaka ya 1400 ukawa bandari kuu ya Kairo. Msikiti wa Sinan Pasha wa mwaka 1571 bado upo. Kama mwaka 1820 mtawala Muhammad Ali alianzisha hapa kiwanda cha kupiga chapa, na gazeti la serikali lilianza mwaka 1828. Ukingoni mwa mto limesimama jengo la redio na televisheni linaloitwa Maspero, lililofunguliwa mwaka 1960. Wazee watakumbuka idhaa ya Kiswahili ya Redio Kairo, iliyoanza mwaka 1954 na kuwatia wakoloni kiwewe.

Nyuma ya jengo hilo palikuwa na vichochoro vya Bulaq vya watu wa kipato kidogo: mafundi magari, wauza nguo kuukuu, wapiga pasi. Mwaka 2018 serikali iliwahamisha na kubomoa nyumba zao ili yajengwe maghorofa. Wengine walichukua fidia, wengine walipelekwa nyumba mpya pembeni ya mji, wengine walichagua kungoja warudi katika majengo mapya. Waliosema nyumba zile zilikuwa mbovu walisema kweli, baadhi zilikuwa zikianguka zenyewe. Lakini fundi aliyepelekwa mbali na wateja wake amepata paa na kupoteza kazi, na sisi hatuoni kuwa hesabu hiyo imekamilika. Mara hii hawakuhamishwa na mto wala njaa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini serikali ya zamani ya Misri ilitaka kujua maji yamefika dhiraa ngapi? Kwa nini mkulima naye alitaka kujua?

2. Njaa ya mwaka 1065 hadi 1072 ilisababishwa na nini? Taja zaidi ya sababu moja.

3. Katika kijiji chenu, ni karatasi zipi mnazitupa ambazo wajukuu wangependa kuzisoma?

4. Wenzetu wa mwambao: Ziwa Victoria lilipanda sana baada ya mvua za 1961 na 1962, likapanda tena mwaka 2020. Nendeni na mzee mmoja mpaka mahali maji yalipofika miaka ile. Pimeni kwa hatua kutoka ufukwe wa leo, andikeni idadi ya hatua, tarehe, na jina la mzee aliyewaonyesha.